Maandazi Kwanza, Kuku Baadaye

Ninyi wenzangu wa Tabora mlisikia kwamba nimepanda lori la pamba na watoto wangu wawili na kapu kubwa la chakula, kwenda kutazama ngoma za Wasukuma upande wa Kishapu, mkasema huyu kuolewa Shinyanga kumemharibu. Haya, sogeeni niwaeleze. Ngoma nilizitazama, tena nilizitazama vizuri, lakini si ngoma zilizonitoa nyumbani. Nilikwenda kumtafuta mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amewatia machoni wajukuu wake hata siku moja.

Kisa chake ni kifupi. Mume wangu, Baba Zuhura, mnayemjua kwa ufundi wake wa cherehani, ni Msukuma wa kuzaliwa. Kwao anaitwa Masanja. Ramadhani ni jina la kusilimu. Mwaka tuliooana alikwenda kwao peke yake kusalimia, na mama yake kwa furaha akaagiza kondoo achinjwe. Chakula kilipotengwa, bwana huyu akauliza nani kachinja. Akajibiwa ni mjomba wako, nani mwingine? Mjomba hakuwa Mwislamu. Baba Zuhura akasema basi, mama, nyama hii mimi siwezi kuila. Mama yake hakugomba wala hakuuliza sababu. Alikiinua chakula akaondoka nacho, na tangu hapo hatukupata salamu yake, wala Zuhura alipozaliwa, wala Athumani alipozaliwa.

Mume wangu hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini mara nyingine nilimkuta barazani anakanyaga cherehani na chini ya sindano hamna kitambaa. Nikajua leo yuko kwao.

Mwisho wa mavuno wifi yangu Minza, dada yake, aliyeolewa huko huko, akatuletea ujumbe kwa mdomo wa Shabani, jirani yetu anayeendesha lori la pamba. Alisema kutakuwa na mashindano ya ngoma, na Mayu, ndivyo wanavyomwita mama yao, atakuwapo. Njooni mkutane naye uwanjani. Pale kila mtu anakula alichokuja nacho, hakuna mwenyeji wala mgeni, kwa hiyo hakuna wa kumkatalia mwenzake chakula. Nilimpenda wifi yangu kwa akili hiyo kabla sijamwona. Baba Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kapu letu kubwa liko wapi.

Siku ya kuamkia safari nilishinda jikoni. Nilichemsha mihogo, nikafunga karanga, nikajaza maji kwenye kibuyu na chai kwenye chupa niliyoizungushia matambara. Nikakaanga maandazi kwanza, kuku baadaye, kama mpishi yeyote mwenye adabu, maana mafuta yakishapitiwa na kuku hayafai tena kwa kitu kitamu. Kuku mwenyewe alikuwa mnono, nikamkolezea tangawizi na ndimu mpaka majirani wakawa wanapita mlangoni bila shughuli. Paja moja nililitenga. Nikalifunga peke yake katika kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya mteja, nikasema hili ni la mama mkwe, na asiponipenda kwa paja hili basi hanipendi tena.

Alfajiri tuliondoka. Mimi na Athumani tulikaa mbele kwa Shabani, kapu magotini. Baba Zuhura na binti yake walikaa nyuma juu ya magunia matupu, wakatoka huko weupe kwa vumbi kama watu waliomwagiwa unga. Hatujaiacha hata nyumba ya mwisho ya mji, Athumani anataka andazi. Nikamwambia chakula ni cha huko tuendako. Akachungulia nje, akauliza kama huko tumefika. Shabani akamwonea huruma, au alijionea huruma mwenyewe, akasema barabara hii tangu zamani ina njaa ya ajabu. Nikafungua kapu. Wawili hao walikula mpaka nikawapiga marufuku.

Jua lilipochomoza tulikuwa katikati ya mbuga. Mtama umeshavunwa, mabua yamesimama makavu, na mbele ya kila boma lililozungukwa na ua wa minyaa kuna rundo la pamba jeupe linalosubiri kwenda sokoni. Tulisimama mara kwa mara kuwapisha ng'ombe, na wenyewe hawakuwa na haraka hata kidogo. Kila tuliposimama nilimsikia Baba Zuhura huko nyuma akimwonyesha binti yake: hapa nilichunga, pale nilichapwa kwa kuwaacha ng'ombe waingie katika mtama wa watu. Kiswahili chake kilikuwa kinapungua kadiri tulivyoendelea. Tulipokaribia alikuwa anaongea Kisukuma kitupu, na mtoto anaitikia tu eeh, eeh, haelewi kitu.

Uwanjani tulifika asubuhi ya jua kali, Shabani akatushusha na kuahidi kuturudia alasiri akishapakia. Jamani, watu! Vikundi viwili vya ngoma vilisimama vikitazamana, kila kimoja na wapigaji wake, na kazi ya kila kimoja ni kumnyang'anya mwenzake watazamaji. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Basi umati wote unakimbilia huku, mara unarudi kule, na wewe mwenye watoto unakimbizwa nao upende usipende. Hawa wanarusha majembe hewani na kuyadaka, wale wamejizungushia chatu shingoni. Pembeni wanauza mua, togwa na nyama ya kuchoma. Athumani, aliyekuwa akililia kapu njia nzima, sasa halitaki tena kapu, yeye na dada yake wanataka mua. Nikawaambia tuna chakula chetu, wakanitazama kana kwamba nimewatukana.

Wifi Minza alitupata pale kwenye mua. Ni mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa, na alinikumbatia kama mtu aliyeachana nami jana. Akatuongoza mpaka ukingoni mwa uwanja, karibu na matenga ya wacheza nyoka, akasema hapa ndipo pa kuweka chakula, maana hapana mwizi atakayethubutu kufungua kitu mahali hapa. Na hapo ndipo Mayu alipokuwa amekaa.

Alikuwa mama mwembamba, amevaa kaniki, miguu ameinyoosha mbele, na ubavuni ana furushi lililofunikwa nguo. Baba Zuhura alichutama mbele yake akamwamkia kwa Kisukuma. Akaitikia, akamwita Masanja. Nami nikapiga magoti nikatoa salamu niliyofundishwa na mume wangu, "Mwangaluka, Mayu," akaniitikia vilevile. Akawatazama watoto kwa muda mrefu, akamgusa Athumani sikio, maana sikio la Athumani ni la baba yake. Halafu akalitazama kapu langu. Alisema neno, na Minza akalitafsiri kwa sauti ya chini: "Mmekuja na chakula chenu."

Sikujua kama anauliza au anatusuta. Baba Zuhura alifungua mdomo kujibu, na hapohapo Zuhura akaonekana anakwenda moja kwa moja kwa mtu mwenye chatu. Baba yake akatoka mbio. Minza naye akaitwa na wenzake wa kuimba. Nikabaki mimi, Athumani, na mama mkwe, na Kisukuma changu ni cha sokoni tu, salamu na bei.

Nikasema moyoni, sasa ndiyo saa yake. Nikafungua kapu, nikatoa kitambaa cheupe, nikakikunjua taratibu, nikamwekea lile paja mbele yake kwa mikono miwili. Mayu alilitazama. Akarudisha mkono wake uliokuwa karibu, akajifunika mdomo kwa ncha ya kaniki, akageuza uso upande wa ngoma.

Niliumia, siwafichi. Macho yalinijaa nikashindwa hata kuona vizuri. Nilijisemea mwenyewe, ndiyo haya, amelipiza. Mwanawe alimkatalia kondoo, naye ananikatalia kuku, tumekuja kwa lori mbuga nzima kuja kulipwa deni. Nikakikunja kile kitambaa. Mayu hakugeuka, na ngoma zinapigwa, na watu wanacheka, na mimi nimekaa na paja langu mapajani.

Mara furushi lake likatikisika. Athumani, ambaye alikuwa ameliegemea, akaruka na kupiga kelele kwamba nyoka ametoroka. Mayu akaweka mkono juu ya furushi haraka, kama mtu anayeficha kitu, likatulia.

Baba Zuhura alirudi na Zuhura amembeba begani, Minza nyuma yao, kelele ya mtoto ndiyo iliyowaleta. Akaniona machozi, akamwona mama yake kageuka, akauliza kuna nini. Nikamwonyesha paja. Nikamwambia mama yako hataki chakula changu. Yule bwana akajishika kichwa.

"Mama Zuhura," alisema, "wanawake wa huku hawali kuku. Mayu tangu azaliwe hajaonja. Nilidhani ile nyama ni yetu na watoto."

Mimi miaka yote hiyo nalala na Msukuma, nampikia kuku, tunakula sahani moja, wala hajawahi kuniambia. Anasema alishazoea ya mjini, akasahau. Wanaume! Minza akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza mama yake kwamba huyu hakujua, kwamba kwao Tabora mkwe ndiye anayetengewa paja. Mayu akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza usoni kabisa. Akauliza kama mimi mwenyewe huwa nakula kuku. Nikakubali kwa kichwa. Akauliza, na mayai? Nikakubali pia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa, lakini midomo yake ilikuwa inacheza.

Kisha akalivuta furushi lake, akalifungua. Ndani mlikuwa na jogoo mwekundu, mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, na chungu kipya ambacho kitako chake hakijapata hata doa la moshi.

Alisema maneno machache, polepole, na safari hii Baba Zuhura mwenyewe ndiye aliyenitafsiria, baadaye, maana wakati ule hakuweza: "Nimekuja naye mzima, Masanja. Chinja mwenyewe. Chungu hakijapikiwa kitu."

Mama yule alikuwa ametembea na jogoo kichwani tangu kabla hakujapambazuka, jogoo ambaye yeye mwenyewe haruhusiwi hata kumwonja. Alipoliona kapu letu limejaa alidhani tumemwahi, kwamba tumekuja na chetu ili tusiguse chake, akamficha jogoo wake chini ya nguo. Baba Zuhura alilia pale mbele ya wacheza nyoka, mtu mzima na ndevu zake, na Zuhura akamfuta machozi kwa kiganja chenye mavumbi.

Adhuhuri tulipika. Kisu kilitoka kapuni kwangu. Baba Zuhura akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja, mama yake akitazama kila kitu bila kupepesa macho. Minza aliomba moto kwa wachoma nyama. Lile kundi la majembe lilishinda, au ni lile la chatu, sijui, maana kwa muda huo nilikuwa napuliza kuni. Tulikula jogoo wa Mayu mpaka tukalamba vidole. Kuku wangu wa tangawizi aliliwa na wanaume wa ukoo wa Minza waliokuja kufuata harufu.

Mayu alikuwa anatafuna viazi vikavu alivyofunga kwenye ncha ya kaniki. Nikamwonea haya, sisi tunakula chake na yeye hana chetu. Nikatoa maandazi yaliyosalimika kwa Athumani na Shabani, nikamwekea mbele yake, kwa mikono miwili tena. Akachukua moja, akaligeuza, akalinusa. Halafu akauliza swali, na Minza na kaka yake wakatazamana.

"Anauliza," alisema Baba Zuhura kwa shida, "mafuta haya yalipikiwa kuku?"

Ni swali lilelile la Baba Zuhura juu ya kondoo, sasa limerudi limevaa kaniki. Namshukuru Mungu na mama yangu aliyenifundisha kupika. Nikamwambia amwambie Mayu: maandazi kwanza, kuku baadaye.

Mayu akala. Alikula polepole mpaka likaisha, akachukua la pili, akasema wabeja, ndiyo asante yao. Hiyo hata mimi na Kisukuma changu cha sokoni niliielewa.

Alasiri Shabani alifika, lori limejaa pamba mpaka juu, tukapanda kwa kuvutwa mikono. Nilikiosha kile chungu, nikamrudishia Mayu kwa shukrani. Alikifunga katika nguo ileile, akamwambia mwanawe kwamba kitakaa kwake, peke yake, kimefudikizwa kona ya ndani, wala hakuna atakayekipikia kitu mpaka sisi tuje. Kisha akaniuliza tutakuja lini.

Njia nzima ya kurudi Baba Zuhura aliimba huko juu ya pamba, na sauti hana. Jua lilizama tunauona mji. Nilichojifunza siku ile ni kwamba ukienda kwa watu, usifunge chakula chako kwa hofu ya chakula chao, funga ukijua nao huenda wamefunga chao kwa ajili yako. Sasa kila mavuno tunakwenda, na moja kwa moja nyumbani, si uwanjani tena. Kapu silijazi. Naweka kisu cha Baba Zuhura na maandazi ya Mayu, na siku ya kuyakaanga mafuta ni mapya, na kuku hapikwi nyumbani kwangu mpaka tuondoke.