Mnyororo Ulioendelea Kumwita Lomami

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine. Nilicheza. Asubuhi wafanyakazi wote wa kituo chetu cha ordinateri, yaani kompyuta, hapa Kisangani, tulikusanyika uani kucheza ngoma na kuimba sifa za chama tawala, ndipo tukaruhusiwa kuingia kwenye ile baridi ya chumba cha mashine. Nilikuwa kijana nisiyejua kutulia, na hadi leo sijajifunza.

Wakati huo programu iliandikwa kwa kutoboa kadi, mstari mmoja kadi moja. Kazi yangu ilikuwa kutunza bunda tuliloliita mnyororo. Zilikuwa kadi za amri: ukizilisha pamoja na programu yako, mashine yenyewe inamwita mfasiri, yaani programu inayogeuza Cobol, lugha tuliyoandikia, kuwa lugha ya mashine, kisha inaunganisha vipande, inajaribu, inachapa majibu. Bila mnyororo ungekaa hapo ukiamuru kila hatua kwa mkono.

Chama kilipotuamuru kuacha majina ya kigeni, mimi niliyebatizwa Fidèle nikawa Lokwa. Mkuu wa kituo, tuliyepaswa kumwita Citoyen Directeur, hakuishia kwa watu. Hata mfasiri, aliyekuja na jina la kizungu, akampa jina la Lomami, mto wa kwao Opala. Tulicheka chinichini, tukatoboa kadi upya.

Miaka ikapita. Wakubwa wa Kinshasa wakatuletea kwa meli ya mtoni Cobol mpya na mfasiri wake, kwenye utepe wa sumaku, na agizo: mkaguzi akifika akute programu mpya zinatembea kwa Cobol hiyo, la sivyo kituo kinafungwa na kazi inahamia kwao. Mke wangu alikuwa mjamzito, na Kisangani hapakuwa na mashine nyingine ya kunilisha. Niliogopa kweli. Usingizi ukanihama.

Tukaiweka Cobol mpya, tukalisha kadi. Mashine ikakataa kila sentensi ya kisasa. Directeur akaulaumu utepe.

"Pengine maji iliingia mu bateau," alisema.

Mama Asha, mwendesha mashine aliyetoka Maniema, alichoshwa na mimi kuliko na mashine. "Lokwa, ikaa kwanza. Uko unanizungusha kichwa."

Sikuweza kukaa. Nilizunguka chumba nikisoma kadi za mnyororo moja baada ya nyingine, na kwenye kadi ya kumwita mfasiri nikasimama. Ilimwita Lomami. Yule wa zamani bado alikuwamo ndani, na aliitika kama alivyozoea. Mpya hakuwa ameitwa hata mara moja.

"Citoyen Directeur, tubadirishe kadi hii, tuite ule mupya kwa jina yake."

"Jina ya kizungu? Mu centre yangu? Hapana."

"Alors, watafunga centre."

Akaivuta kadi kwake. "Bon. Ule mupya ataitwa Aruwimi, nayo ni mto ya kwetu. Lomami umuache, kuko programme za zamani zinamutaka."

Mkaguzi alipokuja, Aruwimi aliitwa na majibu yakachapwa. Kituo hakikufungwa, nilikitumikia mpaka nikastaafu. Chama chenyewe kikafa, na watu wakarudia majina ya ubatizo.

Nyinyi vijana wa programu huniuliza siri ya kuhamia toleo jipya. Mimi huwaambia waangalie kwanza ni nani anayeitika. Jumapili iliyopita padri aliita "Papa Fidèle" mara mbili, nisimame nisome. Nilibaki nimekaa, nikigeuka kutazama ni nani huyo anayeitwa.