Rakaa ya Nne

Baba alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa barabara ya Kabambare, kichwa kikapiga jiwe. Daktari Mbelgiji wa Kasongo alimshona, akamrudisha kwetu baada ya mwezi. Maneno yalirudi. Sura za Kurani alizohifadhi zilirudi, hata zile ndefu. Hesabu haikurudi. Ukimwekea ndizi tatu alizitazama kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Na baba ndiye aliyekuwa akiswalisha katika msikiti mdogo wa mtaa wetu.

"Kaka, vidole hivi iko ngapi?" baba mdogo alimuuliza mbele ya watu.

"Vinatosha kushika shavu nikikuzaba kofi."

Watu walicheka. Lakini kuanzia siku hiyo baba mdogo ndiye aliyesimama mbele, na baba akaswali safu ya pili, akiinuka wenzake wanapoinuka.

Mama hakumfundisha kwa vidole. Alimketisha uani, ametugeuzia mgongo, tukatwanga mpunga. Kwanza mchi wa mama peke yake. Kisha dada akaingia kwenye kinu hichohicho, kisha mimi, kisha jirani. Wanawake wanne katika kinu kimoja hupokezana, na kila anayeongezeka hubadilisha mwendo.

"Tuko wangapi?" mama aliuliza.

Wiki nyingi baba hakujibu. Siku moja aliupiga ungo teke, mchele ukatapakaa mchangani. Mama aliuokota, akainua mchi. Mvua zilikuja, zikaisha. Ndipo asubuhi moja baba akasema, "Mmoja ameacha." Kweli, nilikuwa nimepumzisha mikono.

Wazee wakampa swala moja ya adhuhuri, yenye rakaa nne, ajaribiwe. Sharti lilikuwa moja: asikumbushwe na mtu. Akikosea, nafasi ni ya baba mdogo moja kwa moja.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la mikeka, penye upenyo wa kuchungulia. Rakaa mbili zilikwenda vizuri. Katika ya tatu, nyumba ya pili walianza kutwanga. Mchi mmoja, halafu miwili, halafu sikujua tena. Niliona vidole vya miguu vya mama vikikunjika.

Rakaa ya nne ilikwisha. Baba alipaswa kuketi. Akasimama.

Wanaume, midomo imefungwa na sharti, walibaki nusu wameketi, nusu wameinuka. Hakuna aliyesema Subhanallah ya kumkumbusha. Nje michi iliendelea kugonga.

Mama akapiga kiganja juu ya mgongo wa mkono wake, mara moja, kama mwanamke anavyomkumbusha imamu. Baba akayumba kidogo. Akaketi. Akasujudu sijda mbili za kusahau, akatoa salamu.

Baba mdogo aligeuka. "Shemeji! Sharti hukulisikia?"

"Mliwapa wanaume," alijibu mama nyuma ya pazia. "Mimi nani aliniita?"

Mtu alicheka, akajikohoza. Baba mdogo hakucheka. Alimkabili kaka yake.

"Uliposimama ulikuwa umeswali ngapi?"

Baba alifumba macho. Nilitamani michi ile ivunjike yote.

"Nne," alisema taratibu. "Nne ni zangu. Ile niliyoinukia ilikuwa ya wale wanaotwanga."

Baba mdogo aliwatazama wazee. Wazee walitazama mikeka. Mwishowe akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Alasiri nayo ni nne, Kaka," alisema. "Wale wa kinu nitakwenda kuwanyamazisha mimi."