Jina la Tatu

Mabruki Jaribu alikuwa karani wa skuli ya kati, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Konde, na kwa miaka ishirini na mitatu sauti yake ndiyo iliyokuwa sauti ya skuli. Chanjo, mkutano wa wazazi, siku ya kufungua, mtihani uliosogezwa kwa ajili ya mvua, hakuna kilichohesabika kimetangazwa mpaka akitangaze yeye. Alisimama mbele ya mistari ya wanafunzi, akasafisha koo, akatamka kila neno mpaka mwisho wake. Simu zilipoenea akaanzisha kundi la wazazi, akawa anatuma ujumbe wa sauti. Akina mama walikuwa wakiusikiliza huku wanakuna nazi, na vijana barazani wakimwigiza. Yeye akijifanya hasikii, lakini moyoni ilimpendeza.

Mwezi wa kwanza yakatoka majina ya watoto wa darasa la saba waliochaguliwa kwenda skuli ya dakhalia, ya kulala huko huko, Unguja. Orodha ilifika kwanza kwenye simu ya mwalimu mkuu, Mwalimu Beata, mwanamke aliyetoka bara miaka sita nyuma. Ilikuwa picha ya karatasi, imepigwa harakaharaka, na ukingo wa kulia umekatika. Mwalimu Beata alikuwa njiani kwenda mkutanoni Chake Chake. Akamrushia karani ile picha, kisha akampigia.

"Mzee Mabruki, hiyo usiitoe. Kesho narudi na karatasi yenyewe, tutaikagua pamoja na namba za mtihani."

"Hamna shida, Mwalimu," alisema.

Lakini kabla ya saa nne skuli ya jirani ilikuwa imeshatangaza ya kwao, na wazazi wakaanza kuuliza kwenye kundi: Mzee Mabruki, vipi kwetu? Mzee Mabruki, tunakusubiri wewe. Aliisoma ile "tunakusubiri wewe" mara mbili. Akaifungua picha. Wanne walikuwa wa skuli yao. Watatu majina yao yalikuwa mafupi, yameonekana yote. Wa nne alikuwa Zulekha Ishak, na jina la tatu limekwenda na ukingo.

Hakusita hata kidogo. Zulekha Ishak aliyemjua ni binti wa Ishak Othman, fundi mwashi aliyeijenga mihrabu ya msikiti wa kijiji, mtoto aliyezoea kuwa wa pili au wa tatu darasani na kusoma utenzi siku za wageni. Akasimama kwenye mapumziko, akawaita wanafunzi, akatangaza: Zulekha Ishak Othman. Wakampigia makofi. Akatuma na kwenye kundi.

Kwamba darasani humo mlikuwa na Zulekha Ishak mwengine, hilo halikumjia. Huyo alikuwa Zulekha Ishak Haroub. Baba yake amefariki, mama ameolewa mbali, anakaa na bibi yake, Bi Mwanawema, pembeni kabisa ya kijiji. Mtoto mkimya, wa kukaa dawati la nyuma. Jina lake kamili Mabruki alikuwa ameliandika kwa mkono wake kila mwaka, miaka saba, kwenye daftari la mahudhurio.

Siku ya pili, Ijumaa asubuhi, Mwalimu Beata alirudi. Alikuwa na wageni wa ukaguzi wakimngoja, akaiweka karatasi juu ya meza ya karani. "Bandika ubaoni, Mzee, nikimaliza na hawa tutaipitia." Mabruki akaisoma akiwa amesimama. Alipofika jina la nne akakaa.

Angeweza kwenda kumwambia pale pale. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakwenda. Alichokumbuka ni kuwa mchana ule Ishak fundi alikuwa ameshaalika watu baada ya sala, mbuzi ameshachinjwa, na yeye Mabruki ndiye mgeni wa kwanza kualikwa. Akaitia karatasi ndani ya mtoto wa meza, droo yake ya chini. Wageni walimshika Mwalimu mpaka skuli ikafungwa, naye akajiambia, Jumatatu.

Kwa Ishak kulikuwa na busati nje na ndani, na harufu ya pilau tangu barabarani. Shehe alisoma dua. Ishak, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasema, "Mimi sikusoma. Leo nataka nilisikie tena lile tangazo, hapa kwangu. Mzee Mabruki, tafadhali."

Macho yote yakamgeukia. Mabruki akasimama. Akasafisha koo kama kawaida yake, akalitaja jina lote, Zulekha Ishak Othman, na sauti haikutetemeka, na hicho ndicho kilichomtisha kuliko vyote. Mlangoni, kati ya wanawake, mtoto alikuwa ameuficha uso kwa ukingo wa mtandio, anacheka. Kisha sinia ikaja. Akala. Alipoona wenzake wanamtazama kwa kula kidogo, akala zaidi.

Jumamosi na Jumapili hakutoka nyumbani. Mkewe alimuuliza kama ana homa, akasema ndiyo.

Jumatatu, kabla ya kengele, Bi Mwanawema alibisha hodi ofisini na mjukuu wake nyuma yake. Mwalimu Beata alikuwamo. Bi Mwanawema alikataa kiti.

"Sikuja kulalamika, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kuuliza huyu mtoto amepungukiwa wapi, ili nijue cha kumwambia. Mwalimu wake wa hesabu alimwambia atakwenda. Basi tangu Alkhamisi hali chakula. Ananiambia, Bibi, labda mimi sijijui, najiona naweza kumbe siwezi. Sasa maneno hayo mtoto wa miaka kumi na tatu anayatoa wapi?"

Mwalimu Beata akamgeukia karani. "Mzee Mabruki, ile karatasi mbona siioni ubaoni?"

"Iko hapa, Mwalimu." Akavuta pumzi. "Kuna kosa. Orodha ya mwanzo ilikuja na makosa kutoka huko mjini."

"Makosa gani? Basi nawapigia sasa hivi." Mwalimu Beata akainua simu.

 Mtoto alikuwa akimtazama Mabruki, si kwa hasira, bali kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu mzima anayesema kweli. Mabruki akaona hawezi kuendelea na uongo ule.

"Usipige," alisema. "Mjini hawakukosea. Picha ilikatika, nikalijaza jina mwenyewe kwa kichwa changu. Uliniambia ningoje, sikungoja. Na tangu Ijumaa najua." Akaitoa karatasi, akamwekea Bi Mwanawema mbele, kisha akakumbuka kuwa Bi Mwanawema hasomi, akamwelekezea mtoto. "Jina la nne ni lako, mwanangu. Lilikuwa lako tangu mwanzo. Mimi sikukukumbuka."

Zulekha akalisoma kwa midomo bila sauti. Bibi yake akamshika bega. "Hukumkumbuka," alirudia Bi Mwanawema taratibu, kama anayepima uzito wa kitu mkononi. "Haya. Alhamdulillahi kwa kheri yake." Na mengine hakumwambia, siku hiyo wala baadaye.

Mwalimu Beata alitaka kwenda mwenyewe kwa Ishak. Mabruki akamwomba amwachie. Alimkuta fundi kazini, anapiga lipu ukuta wa duka, akamweleza yote bila kukata. Ishak alisikiliza mwiko ukiwa mkononi, mpaka udongo ukaanza kukauka juu yake.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa asubuhi."

"Kabla hujaja kula kwangu?"

"Kabla."

Ishak akaukwangua mwiko kwenye ukingo wa ndoo. "Kosa la jina ningelikusamehe pale pale, wallahi. Majina yanafanana, watu wanakosea. Lakini nilikusimamisha mbele ya watu wangu, ukalisoma mara ya pili."  "Nenda ukatangaze. Kwa mwanangu usende, nitamwambia mimi."

Kesho yake asubuhi Mabruki alisimama mbele ya mistari. Alilitaja jina la Zulekha Ishak Haroub, akasema kosa lilikuwa lake peke yake, kwamba aliambiwa angoje hakungoja, na kwamba alijua akanyamaza. Akayarekodi maneno yale yale kwa ajili ya kundi. Kwa kawaida ujumbe wake ulijibiwa na watu thelathini. Huu ulisikilizwa na wote, na hakuna aliyeandika kitu isipokuwa mama mmoja, aliyeandika: Tumesikia.

Alimwomba Mwalimu Beata ampe mtu mwengine kazi ya kutangaza. Mwalimu Beata alikataa. "Utatangaza wewe. Ila kuanzia sasa majina yanasomwa na watu wawili kwanza." Kwa hiyo akaendelea. Vijana wa barazani wakaacha kumwigiza. Hakuna aliyewakataza, waliacha tu.

Zulekha wa Bi Mwanawema alikwenda Unguja mwezi wa pili. Zulekha wa fundi alibaki, akaingia kidato cha kwanza pale pale skuli. Wiki mbili alikuwa akipita nyuma ya jengo, halafu akarudi kupita mbele. Kila asubuhi anasimama kwenye mlango wa ofisi, mkoba begani, anasema, "Shikamoo, Mzee Mabruki," kwa sauti ile ile ya zamani, kwa sababu nyumbani kwao amefundishwa hivyo.

"Marahaba," anajibu Mabruki, na mkono wake unatafuta kalamu iliyo mbele ya macho yake.