Siku Niliyodhani Bahari Imefungwa

Nilidhani bahari imefungwa koki. Naandika hivi nikiwa mtu mzima niliyesoma mpaka kidato cha nne na kupita Jiografia, ambapo kupwa na kujaa kwa maji kulikuwa na ukurasa mzima. Lakini ukikaa kwetu Mitunguu, huko Meru, miaka mingi ukinywesha migomba kwa zamu, akili inazoea jambo moja: maji yakikatika, kuna mtu huko juu amefunga, na leo si siku yako.

Kwa hivyo, siku basi la kanisa lilipotushusha Pwani, nikaona mchanga mtupu hadi kwenye mdomo wa pango, nilimwambia mke wangu kwa sauti ya mwenye shamba, "Hapa maji ni ya kesho. Tukae tule kwanza."

Mke wangu alikuwa amelitamani pango hilo tangu dada yake alipomletea kalenda yenye picha yake: shimo jeusi mwambani, na mwanga ukishuka kutoka tundu la juu. Aliikata akaibandika jikoni. Kila mwaka nilimwambia tutaenda ndizi zikishavunwa. Ndizi kwetu huvunwa kila wiki. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata nikienda mjini Makutano kununua dawa ya nyanya, naulizia gari la kurudi kabla sijashuka vizuri. Safari hii hakuniuliza. Aliandikisha majina yetu kwa akina mama wa kanisa, kisha akaniarifu.

Wenzetu waliingia pangoni. Sisi tulibaki kivulini, mimi nikimenya nduma, yale majimbi ya kwetu, kwa maana nilikuwa nimebeba nduma za siku tatu nikihofia Pwani hakuna chakula. Wenzetu wakatoka, viatu mkononi. Nilipomaliza kula, maji yalikuwa yameshaingia mlangoni mwa pango.

Mama wa pale aliyekuwa akitembeza wageni alituzuia. "Pole, mzee wangu. Maji yanajaa. Mngekuja mapema."

"Lakini yalikuwa yamefungwa," nikasema.

"Yamefungwa na nani?"

Akina mama wa kanisa walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani. "Mzee, hiyo koki uliiona wapi?"

Mke wangu hakucheka. Alilitazama lile pango kama mtu anayeangalia gari lake likiondoka. Nikajua nikimrudisha nyumbani bila kuingia, ile picha itanikodolea macho jikoni mpaka nife.

"Mama, kumebaki dakika ngapi?" mke wangu akamuuliza mtembezaji.

"Kumi. Hayajawa ya hatari, lakini mtalowa."

"Nimelowa mvua ya Meru maisha yangu yote na sijayeyuka." Akafunga leso kiunoni, akanishika mkono. "Twende, mwenye koki."

Maji yalikuwa vuguvugu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Ya kwetu yanatoka mlimani na hukata mfupa. Mtembezaji alitangulia, nami nikamng'ang'ania mke wangu kuliko alivyonishika. Ndani, mwanga ulishuka kutoka tunduni ukagonga maji, na kuta zote zikaanza kucheza rangi ya kijani. Mke wangu aliinua uso. Kisha akaimba ubeti mmoja wa kanisani, polepole, nao ukamrudia kutoka ukutani kana kwamba kuna kwaya imejificha. Akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu watoto wetu wakiwa wadogo.

Tulitoka maji yakiwa mapajani, suruali yangu ya Jumapili imekwisha, nami ndiye niliyeuliza kama kuna pango lingine karibu.

Tuliporudi nilimsimulia jirani yetu, mama tunayepakana naye shamba, jinsi nilivyompeleka mke wangu baharini. Sikumficha lile kosa langu, ila nililipitia haraka haraka. Alinisikiliza ameegemea jembe, mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wewe hukupeleka mtu. Ni yeye alikupeleka, na karibu umkoseshe. Sasa wacha hadithi, enda umuulize anataka kwenda wapi tena."