Hodi ya Uyoga

Watoto walimwita Bibi Hodi. Kila Jumamosi aliwapeleka msituni, wao na wazazi wao, kuwaonyesha uyoga kwa mchezo. Ukiuona kwenye gogo bovu unapiga magoti matopeni, unasema, "Hodi!" Yeye, nyuma yako, ndiye anayeujibia. Kama ni salama ataitikia kwa kisauti chembamba, "Karibu, mgeni!" nawe utashika kofia yake, utapapasa mikunjo ya chini. Kama una sumu, kimya. Hapo hakuna kugusa, hata uwe mtoto wa nani. Basi utaona baba mtu na kitambi chake, kifudifudi kwenye majani, anabisha mara ya tatu, watoto hawana mbavu: "Baba, hutakiwi!"

Raha tupu, kumbe mwenyewe ana donda moyoni. Binti yake wa pekee alikuwa hasemi naye tangu alipojifungua. "Jumamosi zangu zote uliwapa watoto wa watu," alimwambia siku hiyo. "Wangu hutamgusa." Na jamani, hakumsingizia. Alikua kwa jirani, ufunguo shingoni, akimngoja mama arudi na matope yake.

Juzi shule ikaleta darasa zima msituni. Mjukuu alikuwamo, bibi mtu alimtambua kwa pua, maana pua ile ni ya ukoo. Hakumwambia neno. Alimjibia tu hodi zake, mtoto akicheka na kutaka tena na tena.

Hakuweza kuvumilia. Kesho yake akaoga, akasugua udongo kwenye kucha, akajikaza kisabuni mpaka kwa binti yake, amwombe mtoto kwa Jumamosi moja tu. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa.

"Hodi!"

Ndani redio ikazimwa.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi."

Kimya. Chini ya pazia aliziona kandambili za bluu na miguu ya binti yake ndani yake, haisogei. Machozi yakamlengalenga.

"Hodi, jamani!"

Mtoto akaja mbio kutoka chumbani. "Mama, huyo ni Bibi Hodi wa msituni! Mbona humwitikii?" Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ana sumu?"

"Ndiyo," mama yake akajibu. "Usimguse."

Miguu midogo, iliyokwisha kufika kwenye pazia, ikarudi nyuma.