Ndoo Mlangoni pa Bwalo

Mama mpishi wa shule yetu alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hakuna sahani itakayotoka bwaloni ikiwa na chakula. Alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akikagua sahani moja moja. Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni pale, milimani juu ya Same, nilimwogopa kuliko mwalimu wa nidhamu. Nilimpenda pia, kwa sababu siku za ukungu alituita jikoni akatugawia ukoko wa ugali, wa moto, tukautafuna tumejibanza ukutani.

Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka. Nimekaa Tanga, Mererani, Mwanza, Kigoma. Kila mahali, miezi sita ikipita, miguu ilianza kuniwasha, na kila nilipofika pageni nilitafuta kwanza makande, mahindi na maharage kama ya shuleni. Mwaka juzi nilirudi kumzika mjomba, nikasikia shule imejengewa mtambo wa gesi ya mabaki ya chakula na inatafuta mtu wa kuulisha. Nikaomba. Nilidhani nitakaa mpaka mvua za vuli ziishe.

Mama mpishi alikuwepo bado. Nilimwamkia nikiwa mlangoni pa jiko, naye akanitazama katikati ya moshi, machozi yakimtiririka.

"Marahaba," akasema. "Umekonda. Huko ulikokuwa hawapiki?"

Kisha akakohoa, akainama, akashika ukingo wa meza mpaka kikohozi kikapita. Wapishi wenzake walinieleza baadaye. Daktari alikuwa amemwambia aachane na moshi, na mkuu wa shule akaamua kwamba gesi isipowaka kufikia likizo ya Desemba, mama atakwenda kupumzika nyumbani. Mumewe alishafariki, watoto wako mbali. Nyumbani kwake hasa kulikuwa jikoni pale.

Basi kazi yangu ilikuwa nyepesi kuieleza. Fundi aliyejenga mtambo aliuanzisha kwa samadi hadi gesi ikawaka, akaniambia kila siku niupe ndoo mbili za mabaki, niyakatekate, niyachanganye na maji. Nikaenda jikoni na ndoo zangu. Mama akazitazama kama nimemletea msiba.

"Jiko langu halina makombo," akasema. "Makombo ni ya asiyejua kupika."

Na kweli hakukuwa na kitu. Makande yaliyobaki kwenye sufuria yalipashwa moto asubuhi yakaliwa, na majani ya nje ya kabichi yalikwenda kwa mbuzi wa wapishi. Nikazunguka kijijini kuomba samadi, wakanicheka, kwa sababu samadi huku ni ya migomba na kahawa. Watu hutania kwamba sisi Wapare hatumwagi hata maji tuliyonawia. Siku zile utani huo haukunichekesha. Moto wa gesi ulisinyaa, ukazimika, na mama akarudi kwenye kuni.

Asubuhi moja nilikwenda kufyeka nyuma ya mabweni. Chini ya vichaka nikakuta makande, mengine yamefungwa kwenye mifuko, mengine yamemwagwa hivi hivi, ya jana na ya juzi. Nilichukua punje ya mahindi nikaibonyeza. Ilikuwa ngumu. Nilijua nilichokiona: watoto waliyapitisha kwa siri mlangoni kwa mama, maana hayakuiva. Kumweleza mama kungemuumiza, na kuyaacha pale yaoze kungemrudisha nyumbani.

Nikachagua ujanja. Kila kulipopambazuka niliokota, nikakatakata, nikalisha mtambo. Baada ya wiki moto wa bluu ukawaka chini ya sufuria ya uji. Mama aliusogelea, akakinga viganja. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mtambo umekula nini?" akauliza.

Nikasema mabaki.

"Ya jiko gani?"

Ningeweza kumtajia nyumba za walimu. Katika safari zangu nimewahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akitazama sahani, nikamwambia yote: vichaka, mifuko, na kwamba hata mimi zamani nilikuwa nikijaza makande mfuko wa kaptula ili nipite mlangoni kwake.

Aliendelea kukoroga uji, ambao ulishaiva.

"Magumu?" akauliza mwishowe.

"Mengine, mama. Kuni zikiwa mbichi."

Kesho yake mchana aliweka ndoo mlangoni pa bwalo kwa mkono wake, kisha akaenda kuketi jikoni. Watoto waliizunguka wakidhani ni mtego. Mmoja akamimina haraka akakimbia, halafu wakafuata wengine, na ndoo ikajaa. Mama alikuja akaikoroga kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

Tangu hapo mahindi na maharage yalilowekwa tangu jana yake, na sufuria ya makande ndiyo iliyopewa gesi, moto mmoja usioyumba tangu asubuhi. Yakawa laini. Nilikula sahani mbili, na mimi nimekula makande ya mikoa mingi. Shida ni kwamba watoto nao walikula. Ndoo ilianza kuwa nyepesi, na kufikia Novemba yalibaki ya kufunika kitako tu. Moto ukaanza tena kusinyaa. Nikamsihi mama, nusu utani, ayaharibu makande walau siku moja kwa wiki.

"Nipike vibaya ili mtambo wako ushibe?" akasema. "Bora nikohoe."

Asubuhi iliyofuata nilimwona akishuka njia ya kwao na gunia kichwani. Yalikuwa maganda ya ndizi, ya kwake na ya majirani wawili, chakula cha ng'ombe wake. Aliyatua mbele yangu, akavuta kigoda, tukaanza kuyakata pamoja. Ndivyo tunavyofanya kila siku. Desemba ilifika moto ukiwaka, na mkuu wa shule hakuzungumzia tena habari ya kupumzika. Mama anasema ng'ombe wake ananijua kwa sauti, na kila nikipita njiani hunipa mgongo.