Maji ya Joviana

Buhembe nzima ilipokuwa ikizungumzia sinema ya pepo, Kokushubila alikuwa nyikani akikata majani. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kukata majani laini ya kutandika sakafuni na kuwapelekea wenye nyumba zisizo na saruji. Habari aliipata kwa jirani yake, Celina, aliyekwenda Bukoba mjini na mumewe kutazama, akarudi akiwa hawezi hata kwenda chooni peke yake.

"Binti kaingiwa na shetani, Ma Kokushubila. Mapadri wakamwombea mpaka akamtoka. Akapona!"

"Akapona?"

"Kabisa. Mwishoni anacheka."

Kokushubila alitua mzigo wake. Celina alikuwa mgeni pale, hakujua anamwambia nani maneno hayo.

Mwaka uliofuata uhuru, huko Muleba, Joviana, binti pekee wa Kokushubila, alishikwa na homa kali. Akakakamaa, akapiga kelele, akawaita watu waliokufa kwa majina yao. Baba yake, Rugaibula, alikuwa kisiwani Goziba akivua samaki. Mashemeji wakasema ni Mugasha, mzimu wa ziwa, apelekwe kwa mganga. Kokushubila, Mkatoliki wa kweli, akakataa katakata akamwita katekista, Ta Bartholomayo. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde tu. Hakuna aliyeitaja, na hilo linaudhi kuliko yote.

Bartholomayo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye uhakika, na watu wa namna hiyo wakikosea hawakosei kidogo. Padre hakuulizwa. Katekista aliamuru binti afungwe kitandani, asipewe chakula wala tone la maji mpaka shetani achoke mwenyewe. Wakasali rozari kwa zamu.

"Amaizi, mama," Joviana aliomba, sauti ikizidi kukauka. "Mama, maji."

Jioni ya pili Bartholomayo alitoka nje kunyoosha miguu. Kokushubila akachota kikombe kimoja mtungini, akamwinua mwanawe kichwa. Joviana akanywa yote.

"Niongeze, mama."

Nyayo zikasikika mlangoni. Kokushubila akakisukuma kikombe chini ya kitanda, akamwambia mwanawe anyamaze.

Alfajiri Joviana akafa. Walipokuwa wakiutoa mwili, kikombe kikaonekana.

"Shetani alikuwa amebakiza kidogo tu atoke," Bartholomayo alisema mbele ya waombolezaji wote. "Wewe ukamnywesha."

Hakuna aliyebisha. Rugaibula aliporudi hakumpiga mkewe. Aliacha tu kusema naye. Ujamaa ulipokuja alijiandikisha kwenda kijiji kipya cha Kimwani, akaondoka na mke mwingine. Kokushubila akahamia Buhembe, akawa wa benchi la nyuma kanisani, asiyekaribia komunyo. Alikwisha kubali kwamba amemuua mwanawe. Jambo moja tu lilikuwa likimtafuna: je, kikombe kimoja kweli kinaweza kuua mtu? Na sasa kumbe yuko binti mwingine aliyepona, na watu wamempiga picha.

Jumapili mchana alivaa gauni lake la kanisani, akaenda mjini, akaingia ukumbi wa sinema. Sinema alizozijua ni za gari la serikali: sherehe za uhuru, kilimo bora cha kahawa, mambo yaliyotokea kweli. Hii nayo aliichukulia hivyo hivyo. Watu walipiga mayowe, vijana wakachekana kwa woga. Yeye hakupepesa jicho. Kiingereza hakukijua wala hakukihitaji, maana alikuwa akitazama mikono tu: nani anashika nini, na kinamfikia nani.

Hatimaye mama wa yule binti akaingia na glasi ya maji. Kokushubila akasimama. Padre wa kwenye sinema akamzuia yule mama, glasi ikaanguka ikavunjika, na muda si mrefu binti akafumbua macho, mzima.

Watu wote walitoka. Lukmani, mkata tiketi, mtu wa makamo, alimkuta amekaa peke yake, amejiinamia.

"Mama, imekwisha."

"Hakumpa maji," Kokushubila alisema. "Umeona? Hakumpa, akapona. Mimi nilimpa wangu, akafa."

Lukmani alimwelewa pole pole, kwa kuuliza. Alipoelewa, aliketi kiti cha pili yake.

"Mama yangu, yule binti hakuumwa. Wale ni watu wa maigizo. Analala pale, anapigwa picha, halafu anainuka anakwenda kunywa chai. Yule si padre. Hakuna shetani pale."

"Na kiu?"

"Kiu ipi, mama? Hakuna aliyekuwa na kiu pale. Wako alikuwa na homa. Mtu wa homa hupewa maji. Hata mtoto anajua."

Kokushubila aliondoka bila kuaga. Njiani hakuona gari wala mtu. Alifika kwake, akachota maji mtungini, akakaa nayo mlangoni juu ya majani aliyoyatandika mwenyewe. Miaka yote hiyo alijuta kikombe alichompa. Kumbe alipaswa kukijutia cha pili, kile alichoombwa akanyima kwa kumwogopa Bartholomayo. Alilia kwa sauti mpaka Celina akaja mbio.

"Ma Kokushubila, kuna nini?"

"Aliniambia nimwongeze," alisema. "Mtungi ulikuwa umejaa."